Msiloweke Bahasha: Hotuba kwa Wapenzi wa Stempu, Tanga

Hii ni hotuba niliyoitoa mbele ya wapenzi wa stempu waliokutana hapa Tanga. Walioshindwa kufika wameiomba, kwa hiyo naiweka nzima kama nilivyoisema. Picha za ukutani nimeziacha.

Ndugu mwenyekiti, wazee wangu, walimu mlioleta wanafunzi wenu, na nyinyi vijana mliokaa karibu na mlango mkidhani sijawaona: hamjambo? Wazee, shikamooni.

Nimeombwa nizungumzie ukusanyaji wa stempu. Nikamwuliza mwenyekiti, "Nizungumze kama mkusanyaji au kama karani wa posta?" Maana nimekuwa vyote viwili. Nimesimama nyuma ya kaunta ujana wangu wote, nimegonga mihuri mpaka bega la kulia likawa na maumivu yake ya peke yake. Akaniambia, "Mama, zungumza yote." Basi nitazungumza yote, lakini nawaambia mapema kwamba kila njia nitakayopita itanirudisha palepale. Stempu iliyotengwa na muhuri wake ni nusu ya habari.

Najua kuna watakaonuna. Wapo humu wanaopenda stempu mpya, gundi yake bado inang'aa nyuma, haijawahi kuguswa na wino. Nawaheshimu, na baadhi ya albamu zenu nazionea wivu. Lakini stempu mpya inakuambia serikali ilitaka kuonyesha nini. Muhuri unakuambia kilichotokea. Mimi, mtanisamehe, napenda zaidi kujua kilichotokea.

Tuanze na swali. Muhuri wa posta uliletwa duniani kufanya kazi gani?

Wengi watajibu: kuzuia stempu isitumike mara ya pili. Ni kweli, lakini muhuri una umri mkubwa kuliko stempu. Mwaka 1661, pale London, mkuu wa posta aliyeitwa Henry Bishop alichoshwa na malalamiko ya watu kwamba barua zao zinalazwa njiani. Akaamuru kila barua igongwe kialama cha duara chenye siku na mwezi, ili karani yeyote asiweze kulaza barua halafu akasingizia imefika jana. Mnaona? Muhuri wa kwanza haukumlenga mteja. Ulimlenga karani! Sisi ndio tuliokuwa tunachungwa.

Stempu yenyewe ilikuja baadaye sana. Ile ya kwanza, nyeusi, ya peni moja, yenye kichwa cha Malkia Victoria, ilipangwa ianze kutumika Uingereza tarehe 6 Mei 1840. Nasema ilipangwa, kwa sababu ipo bahasha iliyogongwa muhuri wa mji wa Bath tarehe 2 Mei 1840. Siku nne kabla! Kuna karani pale Bath aliuza stempu kabla ya siku yake. Nani angejua leo? Hakuna. Muhuri ndio uliomchongea.

Sasa, ili stempu ile isitumike tena, waligonga juu yake alama ya msalaba wa Malta kwa wino mwekundu. Wekundu juu ya weusi, fikirini wenyewe: hauonekani vizuri, na watu wakagundua kwamba unafutika. Stempu zikaoshwa, zikabandikwa upya. Mwanzoni mwa 1841 mambo yakageuzwa: stempu ikawa nyekundu, wino ukawa mweusi. Yaani ile stempu nyeusi maarufu kuliko zote duniani iliishi muda mfupi hivyo kwa sababu ya wino wa muhuri tu.

Nawaona wazee wanacheka. Mnacheka kwa sababu na nyinyi mlifanya! Nani humu, enzi za shule ya bweni, hakupaka sabuni ya kipande juu ya stempu kabla ya kuipeleka barua? Inakauka, inakuwa kama ngozi nyembamba, muhuri unagongwa juu ya ile sabuni. Barua ikifika, mwenzako anaifuta kwa kitambaa chenye maji, anakurudishia jibu kwa stempu ileile. Pale kaunta tulikuwa tunaijua barua hiyo kwa kidole. Stempu ya kawaida inakwaruza kidogo. Ya sabuni inateleza. Sisemi tulifanya nini tukiigundua. Mengine ni siri za kazi.

Niwaeleze kidogo muhuri wenyewe, maana vijana wengi mnauona tu duara jeusi na mnapita. Muhuri wa chuma una kichwa chenye jina la posta kimechongwa moja kwa moja, hakibadiliki. Katikati kuna nafasi ya vipande vidogo vya tarehe, unavipachika kwa kibano: siku, mwezi, mwaka, na mahali pengine saa au herufi ya zamu. Kila asubuhi unabadilisha siku. Halafu, kabla hujagusa barua ya mtu, unagonga mara moja kwenye daftari, kuona kama tarehe ni ya leo na hakuna kipande kilichopinduka. Ndiyo maana mkikutana na muhuri ambao mwezi umesimama kichwa chini, mjue asubuhi hiyo kuna mtu hakugonga kwenye daftari lake. Wakusanyaji hulipia makosa hayo. Msimamizi wangu hakuwa analipa, alikuwa anafoka.

Wino nao unasema. Mweusi ni wa kawaida. Ukikuta zambarau, tena duara lina kingo laini laini kama limevimba, fikiria muhuri wa mpira: posta ndogo, au posta iliyosubiri muhuri wa chuma ambao haujafika.

Nina bahasha moja nitawapitishia, naomba mwishike pembeni. Ni ya duka la nguo la Pangani, ya mwaka 1943, inakwenda Bombay. Mbele kuna stempu ya Kenya, Uganda na Tanganyika yenye Mfalme George wa Sita, na muhuri wa Pangani umegongwa mara mbili: mmoja juu ya stempu, mwingine pembeni kwenye karatasi tupu, ili tarehe isomeke. Huyo karani alikuwa mtu wa kazi, Mungu amrehemu. Ubavu wa kushoto umekatwa na kuzibwa kwa utepe wa karatasi wa wakaguzi, kwa sababu vita vilikuwa vinaendelea na barua zilifunguliwa. Geuzeni nyuma: muhuri wa Tanga, halafu wa Bombay. Ile stempu peke yake ukiibandua utaipata popote kwa bei ya karanga. Ukiibandua, Pangani imekwenda, vita vimekwenda, duka limekwenda.

Na ile stempu ina jambo jingine. Kuanzia 1935 nchi tatu zilitumia stempu moja, zimeandikwa majina yote matatu. Jahazi lilelile lenye tanga lake juu ya Ziwa Victoria lilibandikwa Songea, likabandikwa Lamu, likabandikwa Arua. Utajuaje stempu yako ilitoka wapi? Stempu haisemi. Hata baada ya uhuru, kwa miaka kadhaa stempu ya Tanzania ilikubalika Kenya na Uganda, na za kwao zikakubalika kwetu. Kwa hiyo stempu yenye jina la Tanzania na muhuri wa Kampala si kosa wala si ya bandia. Ni Jumuiya ya Afrika Mashariki ikiwa kazini, kabla haijavunjika mwaka 1977.

Twende Unguja sasa, na hapa nitakaa kidogo, kwa sababu hakuna mahali pwani hii ambapo muhuri una utamu kama Unguja.

Posta ya kwanza kufunguliwa pale haikuwa ya Sultani. Ilikuwa posta ya India. Ilifunguliwa 1868, ikafungwa mwaka uliofuata, ikafunguliwa tena Oktoba 1875, na safari hii ikakaa hadi Novemba 1895. Kwa nini India? Kwa sababu balozi wa Uingereza pale Unguja kwa muda mrefu alikuwa chini ya serikali ya India, na wafanyabiashara wengi waliokuwa na barua za kutuma walikuwa Wahindi wenye jamaa zao Bombay na Kachi. Na kuanzia 1872 meli za kampuni ya British India zilikuwa zinabeba barua kati ya Aden na Unguja. Bidhaa zilikwenda na barua zake.

Sasa fikirini. Posta ya India ilitumia stempu gani? Stempu za India, zenye Malkia Victoria, bei yake kwa ana, sarafu ndogo ya India. Hazikuandikwa Zanzibar. Stempu hizohizo ziliuzwa Aden, na ziliuzwa Maskati, ambako posta ya India ilifunguliwa 1864. Familia moja, kaka yuko Maskati na mdogo yuko Malindi ya Unguja, wanaandikiana, na stempu zao zinafanana kabisa. Kitu gani kinazitenganisha? Muhuri. Stempu ya nusu ana iliyogongwa Calcutta ni ya kugawia watoto. Ileile, iliyogongwa ZANZIBAR mwaka 1878, inatafutwa na watu wazima wenye pesa zao. Karatasi ni ileile, Malkia ni yuleyule. Tofauti ni herufi nane za wino.

Nasikia mtu anauliza: je, Waingereza wa India walikuwa peke yao? Hata kidogo. Wafaransa wakafungua posta yao pale Unguja 1889, wakakaa nayo mpaka 1904. Wajerumani nao wakafungua wakala wao Agosti 1890 na kuufunga Julai 1891, haukumaliza hata mwaka. Hesabuni wenyewe: ndani ya miezi hiyo, katika mji mdogo ambao unaweza kuuzunguka kwa miguu kabla kahawa haijapoa, kulikuwa na posta tatu za mataifa matatu, kila moja na stempu zake, kila moja na muhuri wake, zote zikiandika Zanzibar. Na Sultani mwenye nchi hakuwa na hata moja!

Lamu nako vilevile. Wakala wa Wajerumani alianza 1888 kwa sababu ya mambo ya Witu, usultani mdogo wa jirani uliokuwa chini ya ulinzi wao, na Mei 1890 kampuni ya Waingereza iliyokuwa Mombasa ikafungua posta yake hapohapo Lamu. Watu walimpelekea barua yule aliyekuwa na meli inayoondoka mapema. Mwenye haraka hakuuliza bendera.

Novemba 1895 Unguja ikapata posta yake yenyewe. Stempu mpya hazikuwa tayari, kwa hiyo zikachukuliwa zile za India na kupigwa chapa ya neno Zanzibar, kazi iliyofanywa kwenye mtambo wa gazeti la serikali pale pale mjini. Herufi zilipangwa kwa mkono, moja moja. Mpangaji akachanganya b na d, na zikatoka stempu zimeandikwa "Zanzidar". Stempu hiyo leo ni ghali mno, na kila nikiiona kitabuni nafikiria yule fundi aliyeulizwa na bosi wake, "Hii nini?"

Mwaka uliofuata zikachapwa stempu zenye picha ya Sultani Hamed bin Thuwaini. Mnajua kilichompata. Alifariki ghafla Agosti 1896, na siku mbili baadaye mizinga ya manowari za Kiingereza ikalipiga jumba la kifalme kwa muda usiozidi saa moja. Stempu zenye sura yake zilitumika chini ya Sultani mwingine, Hamoud bin Mohammed, mpaka zake zilipotoka 1899. Kwa hiyo ukikuta sura ya Hamed na muhuri wa 1898, usishangae. Picha ni ya marehemu, tarehe ni ya walio hai.

Niliwahi kuulizwa na mwanafunzi: ni lini muhuri na stempu vilipishana zaidi? Nikamjibu, Januari 1964. Tarehe 10 Desemba 1963 Zanzibar ilipata uhuru na ikatoa stempu nne zilizoandikwa Uhuru 1963. Moja ilikuwa na Sultani Jamshid na karafuu, nyingine na pango la Mangapwani, mtu akitoka gizani kwenda kwenye mwanga. Siku 33 baadaye, tarehe 12 Januari, yakatokea mapinduzi. Posta zilijaa stempu zenye sura ya Sultani aliyekwisha kuondoka, na barua haziwezi kusubiri wachapaji wa London. Wakafanyaje? Wakatengeneza mihuri ya mkono yenye maneno JAMHURI 1964 na kuzigonga stempu zilizokuwapo, moja baada ya nyingine, kisha zikauzwa. Nyingine zimegongwa zimelala upande, nyingine mara mbili. Chapa nadhifu ya kiwandani ilifuata baadaye.

Ukiiweka stempu ya namna hiyo mkononi, ndani ya bahasha yake, unaona mapigo mawili ya mkono wa karani: JAMHURI, halafu tarehe. Ndugu zangu, makarani hawa walikuwa ndio walewale waliouza stempu za Uhuru mwezi mmoja nyuma. Hakuna kitabu cha historia kinachowataja. Wamo kwenye wino.

Turudi bara, turudi nyumbani. Wajerumani walifungua posta zao Dar es Salaam na Bagamoyo Oktoba 1890, na kutoka hapo mihuri ikafuata njia za misafara. Barua za bara zilibebwa na matarishi, kwa miguu, mfuko begani. Mihuri ya wakati huo ni ramani kwa mwenye kuisoma. Utaona DARESSALAM kwa neno moja. Utaona MUANSA, MPAPUA, ARUSCHA, UDJIDJI. Hizo unazifumbua mara moja. Lakini utaona pia WILHELMSTAL. Nani ananiambia ni wapi? Naam, Lushoto, asante mwalimu, tuko jirani nako. BISMARCKBURG je? Hiyo ni Kasanga, kule kusini mwa Ziwa Tanganyika. NEU-LANGENBURG ni Tukuyu. WIEDHAFEN ni Manda. Kenya nao wana yao: Port Florence ni Kisumu, Fort Hall ni Murang'a, Thomson's Falls ni Nyahururu. Mji unabadilishwa jina kwa tangazo la siku moja, lakini muhuri wa chuma ulikaa kwenye droo mpaka mpya ulipoletwa, na mara nyingine ukagongwa miezi mizima baada ya jina kufa.

Kisha vikaja vita vya 1914. Hapa mkusanyaji anahitaji kiti na chai. Koloni moja liligawanyika mikononi mwa majeshi, na kila jeshi likaleta posta yake. Januari 1915 Waingereza waliteka Mafia, wakazichukua stempu za Kijerumani walizozikuta na kuzigonga MAFIA. Askari wa India walitumia stempu zao zenye herufi I.E.F., yaani Indian Expeditionary Force, jeshi la India lililotumwa ng'ambo. Wabelgiji walioingia kutoka Kongo walileta stempu za Kongo zenye chapa ya lugha mbili, Kifaransa na Kiholanzi, na utaziona zimegongwa Kigoma, Usumbura, Kigali. Wareno wakaingia pembe ndogo ya Kionga, kusini mwa Ruvuma, na mwaka 1916 wakatoa hata stempu zenye jina la Kionga, mahali ambapo pengine hapakuwa na barua kumi kwa wiki. Upande wa Waingereza, kuanzia 1917, stempu za Afrika Mashariki na Uganda zikapigwa chapa G.E.A., yaani German East Africa, na zikaendelea mpaka ile stempu yetu nzuri ya kichwa cha twiga ilipotoka 1922.

Na kuna hadithi ya milimani kwetu. Kwa sababu ya vita meli za Ujerumani zilizuiwa, stempu zikawa zinakwisha. Mwaka 1916 serikali ya Kijerumani ikaagiza stempu zichapwe kwenye mtambo wa misheni huko Vuga, Usambara. Zikachapwa, bei zake kwa heli na rupia, fedha za koloni la Wajerumani: za heli mbili na nusu, za heli saba na nusu, na za rupia moja. Karatasi duni, maandishi ya kawaida, hakuna picha ya meli ya Kaiser, mfalme wa Ujerumani, kama zile za zamani. Lakini kabla hazijaingia kaunta, meli moja ilipenya vizuizi vya Waingereza na kufika pwani ya kusini, ikiwa imebeba pamoja na silaha stempu mpya kutoka Ujerumani. Za Vuga zikawa hazina kazi. Waingereza walipokaribia zikafukiwa ardhini zisichukuliwe, na baada ya vita zikafukuliwa, nyingine zimeharibiwa na unyevu.

Sasa nawauliza: mtu akikuletea stempu ya Vuga, imegongwa muhuri mzuri wa posta ya 1916, utafurahi? Usifurahi! Stempu hiyo haikuuzwa kaunta. Muhuri huo umetoka wapi?

Hapo ndipo mkusanyaji anapoachana na mnunuzi. Mkusanyaji anauliza: muhuri huu ungeweza kuwa hapa?

Kwa sababu mihuri ya bandia ipo, na mingi. London, karne iliyopita, kulikuwa na mwanamke aliyejulikana kama Madame Joseph, ambaye kazi yake ilikuwa kutengeneza mihuri ya posta za makoloni ya Uingereza na kuigonga juu ya stempu ghali. Vibao vyake vilipokuja kupatikana vilikuwa zaidi ya 400, na leo viko mikononi mwa chama cha kifalme cha wakusanyaji stempu cha London, wanavitumia kufundishia. Aliandika jina la posta moja na tarehe moja akairudia rudia. Ndiyo maana mihuri yake imeorodheshwa: ukikutana na tarehe ileile juu ya stempu kumi za wenye duka tofauti, ujue.

Kwetu hatari kubwa iko kwenye stempu za thamani kubwa, za pauni moja na kuendelea, za Kenya na Uganda na baadaye za nchi tatu. Nyingi hazikupanda barua kamwe. Zilibandikwa kwenye hati za ardhi na mikataba kulipia ushuru, zikachorwa kwa kalamu au kugongwa muhuri wa ofisi. Mjanja anaosha wino wa kalamu, anagonga muhuri bandia wa Nairobi, anauza kama ya posta. Ishike chini ya mwanga, uiinamishe. Kalamu ya chuma huacha mfereji kwenye karatasi hata wino ukiondoka. Rangi ya stempu nayo hupauka pale ilipooshwa. Na jiulize swali la karani: barua gani ya kawaida ilihitaji stempu ya pauni?

Lakini msije mkadhani kila mchoro wa kalamu ni wa hati. Uganda, 1895, mmisionari Ernest Millar alichapa stempu za kwanza za nchi hiyo kwa taipureta yake, herufi na tarakimu tu, bei ikiwa kwa kauri, yale makombe madogo ya baharini yaliyotumika kama fedha, 200 kwa rupia moja. Mihuri ya chuma hakukuwa nayo. Zilifutwa kwa kuchorwa kalamu, na hiyo ndiyo kalamu halali kabisa.

Kuhusu stempu zinazouzwa kwa pakiti zikiwa zimegongwa tayari kiwandani, nisipoteze muda. Geuza nyuma: gundi yote ipo, na muhuri umekaa kwenye pembe moja kwa unadhifu usio wa kibinadamu. Nchi nyingi zilifanya, na sisi tumo. Wapeni watoto wajifunzie.

Vitu viwili vya haraka ambavyo huwachanganya watu. Stempu ya Uingereza yenye muhuri wa Tanga na neno PAQUEBOT: barua ilitiwa sandukuni ndani ya meli baharini, ambako stempu ya nchi ya meli ni halali, ikagongwa bandari ya kwanza. Na herufi T.P.O.: posta ya kwenye treni, karani anapanga barua ndani ya behewa huku reli inamtikisa. Mihuri ya treni mara nyingi imekaa upande. Mnajua kwa nini.

Basi, mambo ya vitendo, halafu nikae.

Kwanza na la kwanza: msiloweke. Kijana anapata bahasha ya babu yake, mbio anatafuta bakuli la maji ili atoe stempu aweke kwenye albamu. Usifanye hivyo! Albamu itasubiri. Kama bahasha ina muhuri unaosomeka, iache nzima, pamoja na mgongo wake na mihuri ya njiani. Kama imekwisha kuliwa na mchwa na huna budi, kata kipande kikubwa chenye muhuri wote, usifuate meno ya stempu.

Msibandike kwa utepe wa plastiki. Unageuka njano, unanata, na gundi yake inapita mpaka upande wa pili. Mfuko wa karatasi isiyo na asidi unatosha, mbali na ukuta wa nje. Tanga hii yetu ina unyevu, na madoa ya kahawia yakianza kwenye karatasi hayarudi nyuma.

Ombeni familia. Masanduku ya bati ya bibi, mafaili ya maduka ya zamani, barua za jamaa walioko Oman na Maskati, barua za wanafunzi waliokwenda Makerere. Msiulize "mna stempu?" Watasema hawana. Ulizeni "mna barua za zamani?"

Na mihuri ya leo, jamani, nayo ni ya kukusanya. Barua zimepungua, posta ndogo zinafungwa, mihuri inarudishwa. Nenda kaunta, toa bahasha yenye stempu ya kutosha na anwani yako mwenyewe, na umwambie karani kwa adabu: "Naomba unigongee vizuri, isomeke." Nenda asubuhi, foleni ikiwa fupi. Karani mwenye foleni ndefu atakugongea haraka haraka, isisomeke. Ningegonga hivyohivyo.

Waliokuja na bahasha zao, meza iliyo karibu na dirisha ina mwanga mzuri na lenzi mbili ninazoazimisha. Bahasha ya Pangani naiomba irudi kwangu. Iko wapi? Nani anayo?